Jina la Baba Mkwe Ndani ya Mashine

Chekeni kwanza mumalize, ndipo nieleze, maana aibu ile niliipata mbele ya kambi nzima ya Lushebere na mpaka leo sioni kwa nini niiombee msamaha.

Ilikuwa miaka ya vita, watu wanamiminika kutoka Walikale na bidoni tupu, yale madumu ya maji, nami nilikuwa fundi wa mashine ndogo, aina ya kompyuta, iliyoendesha pompi ya maji. Katika lugha ya mashine ile unapanga namba juu ya namba kama sahani, na kila neno linachukua ya juu na kufanya kazi yake. Neno likikosekana unalitunga mwenyewe kwa maneno madogo ya ndani, na hayo unayapa jina lolote, kwa sababu hakuna mwingine atakayeyaita (hivyo ndivyo nilivyojidanganya). Basi lile la kuzuia maji mpaka tangi lijae nikaliita Serugendo, jina la baba mkwe wangu, mzee ambaye nyumbani hakuna anayegusa chakula mpaka yeye aridhike. Kwetu mke kama mimi hatamki jina la baba mkwe hata ndotoni, nami niliona raha kuliandika mahali pasipo na masikio.

Siku ya kufungua bomba nilisimama chini na redio ya mkononi, wamama wamepanga foleni, baba mkwe kwenye kiti cha mbele, na mwenzangu Kambale, mtu wa Butembo, juu kilimani kwenye mashine. Mashine ikakwama. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakaribia kwisha, na ya kuongeza hayakuwepo kwa sababu barabara ilifungwa na risasi.

"Inasema pile iko vide, Mama!" Kambale akalia kwenye redio.

Rundo la namba liko tupu. Nikajua papo hapo: nilisahau kuliwekea lile neno namba yake. "Weka kumi, kisha uite ile ya kungojesha."

"Mashine haijue 'ile ya kungojesha'. Unipe jina!"

"Ile ya... yule Papa wa kwetu."

"Papa gani? Mafuta inaisha!"

Nikajaribu kumtajia herufi mojamoja, redio ikazimeza zote. Pembeni mama mmoja alikuwa anamlambisha mtoto wake mfuniko wa bidoni, mkavu, na hasira zikanipanda, nikapayuka: "SERUGENDO! Uite Serugendo!"

Wamama wakashika midomo. Mzee akageuka.

"Na huyo Serugendo anafanya kazi gani mule?"

"Anazuiaka maji, Papa, mpaka atosheke."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, nami nikatamani ardhi inimeze, halafu maji yakatoka kwa nguvu na kila mtu akakimbilia bidoni yake.

Jioni wakubwa wa ukoo wakaniamuru nilete kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, nitakase kinywa. Nikawaambia kinywa nimeshakiosha kwa maji ya bomba, na wao pia wameyanywa. Wakafoka. Mzee akanisogezea tu kikombe chake nimwongezee maji.

Tangu hapo maneno ya ndani nayapa majina ninayoweza kuyapigia kelele sokoni. Kasiksi sikuleta, na sitaleta.