Lungo Lilipogeuka

Jumanne, mvua nyembamba tangu asubuhi.

Mwalimu wa binti yangu hapa Bruseli anasema mtoto aguse vitu ndipo ahesabu, basi nikampa maharage kwenye sinia. Harufu ya vumbi lake ilinirudisha Katanga. Sisi hesabu za kuzidisha tuliziimba, na wimbo wa nane ulinishinda. Siku moja niliambiwa kesho yake ningeitwa ubaoni. Nikapanga maharage ya maman kwenye lungo, ungo wake wa kupepetea, mistari minane ya tatu-tatu.

"We mutoto, ile ni chakula!" Akavuta lungo, likageuka upande bila maharage kumwagika.

Sasa ilikuwa mistari mitatu ya nane-nane. Wimbo wa tatu niliujua!

"Maman, ni ishirini na nne!"

"Bon, sawa, yote yanaenda kwa chungu."

Sijasoma sana, ila naona mikono na wimbo vyote vilinisaidia ubaoni.

Nilipomsimulia, binti aligeuza sinia lake, akacheka. Jioni tukala bukari, ugali wetu, na maharage yale yale.