Koa Mweupe wa Mama Nyungunyungu

Mtu aliyefanya kazi kwenye kitalu cha maua miaka kumi na tisa hafundishwi udongo. Hilo Mama Nyungunyungu alilisema waziwazi, mikono kiunoni. Jina alipewa kwa sababu ya makasha yake matatu ya mbao, anamofuga nyungunyungu, wale minyoo wa udongo wanaogeuza maganda kuwa mbolea. Sasa walikuwa wanapungua, na msimamizi wa kitalu alishakata shauri.

"Umewazamisha kwa maji, mama. Kesho mchana namwaga dawa makasha yote, tuanze upya."

"Mwanangu, hawajazama. Wanaliwa. Kesho kabla ya mchana nitakuonyesha mlaji."

Msimamizi akacheka mpaka akashika ubavu.

Jioni hiyo mama akatega kama kila mtunza bustani anavyotega koa, yule konokono asiye na gamba: majani ya kabichi juu ya udongo. Kopo la chumvi ya kuwamwagia koa wafe lilikuwa mfukoni, hatembei bila hilo. Asubuhi kabichi ilikuwa nzima, bila hata tundu. Mchana wa dawa ulikuwa unakaribia. Makasha yale kwake ni kama watoto. Halafu akajicheka: mla nyama atafuata kabichi ya nini? Akachukua kijiko, akachimba polepole hadi udongo ukamfika kiwikoni.

Akamwona. Koa mweupe kama maziwa, hana hata alama ya macho, na nyungunyungu anamwingia mdomoni kama tambi.

Mkono ukaenda kwenye kopo. Ukasita. Miaka kumi na tisa, na kitu hiki hajawahi kukiona!

Mwalimu wa viumbe wa chuo jirani alipoitwa alikuja mbio, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake safi.

"Dada, hawa tumewaona mara mbili tu. Dawa ikimwagwa hapa, basi tena."

Dawa ikarudi stoo. Msimamizi akakuna kichwa. "Sasa mama, huyu si atakumalizia wanao?"

"Wangu ni wengi. Yeye yuko peke yake."

Kasha la tatu akampa koa. Kopo la chumvi amelirudisha jikoni. Kila asubuhi huchagua nyungunyungu mmoja kwa mkono wake, roho ikimuuma, humwomba radhi kwa sauti bila kuona haya, kisha humshusha kwenye kasha la tatu.