Vyembamba Kuliko Vidole Viwili

Sheria ya chumba kile ilikuwa fupi: kipande cha karatasi kilicho chembamba kuliko vidole viwili kisilale ndani. Aliyeitunga ni mama mmoja mstaafu, aliyekuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja, ambaye ndugu zake walimbandika jina la Bi Droo. Jina hilo halikumuudhi. Kilichomshangaza ni watu walioweza kuishi bila droo.

Baada ya kustaafu alianza kutengeneza albamu za kumbukumbu. Alibandika picha za familia kwenye kurasa ngumu, kisha akazizungushia lesi, riboni, vifungo na maua ya karatasi. Chumba walichokiacha wanawe walipooa na kuolewa kikawa karakana yake. Riboni zilizungushwa kwenye vijiti, vifungo vilikaa kwenye makopo ya maziwa ya unga, karatasi zililala kwenye trei kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Mumewe alipigwa marufuku kugusa mkasi wa humo hata kwa kukatia uzi wa shati.

"Siku nikifa," mzee yule alizoea kusema, "utanibandika lebo kwanza, ndipo uwaite watu walie."

Kila Jumamosi Bi Droo alichambua masalia ya wiki. Kipande kipana kilirudi kwenye trei, chembamba kilikwenda kwenye ndoo, na ndoo ilikwenda kwa mumewe.

Jumapili moja, saa nne asubuhi, simu ikalia. Alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake.

"Wifi, hujambo? Ile picha ya kaka yako umemaliza nayo? Nataka nipite baadaye niichukue."

"Iko tayari kwenye ukurasa wake. Utaipenda mwenyewe."

"Hukuikata, lakini?"

Bi Droo aliugeukia ukurasa uliokuwa mezani.

"Maana nilikuambia uniulize kwanza," wifi yake akaendelea. "Pale pembeni, kulia, yule jirani yetu amempakata mwanangu wa kwanza. Yule aliyeishi wiki saba. Sina picha yake nyingine."

"Njoo tu, wifi," alisema Bi Droo, akakata simu.

Ni kweli aliambiwa. Jumatatu ya wiki hiyo wifi yake alipoleta picha ile alisema wazi, "Ukitaka kukata, niulize." Bi Droo aliitikia "Sawa, sawa" huku rula iko mkononi, kwa sababu fremu ya karatasi ya dhahabu alikwisha kuikata na picha ilizidi upande mmoja. Pembeni aliona kiwiko cha mtu na mkunjo wa blanketi, asiangalie kilichokuwa ndani yake. Mtoto yule alizaliwa na kuzikwa wakati yeye anafanya kazi kituo cha mbali, hata sura yake hakuwahi kuiona. Nusu mtu huharibu picha, alijiambia, akakata. Alikuwa na hakika, na mwenye hakika haoni sababu ya kuuliza. Huo ndio ugonjwa wa watu nadhifu.

Sasa alizivuta trei zote kwa pamoja. Karatasi nyekundu zilimwagikia za bluu. Alipindua makopo, vifungo vikakimbilia chini ya kabati. Alipiga magoti, akachungulia chini ya meza, akakung'uta kila bahasha. Huenda Jumamosi alisahau kupima. Huenda kipande kilinata nyuma ya kingine. Gundi ina tabia hiyo.

Mumewe alisimama mlangoni akashika kiuno. "Leo kumekucha! Bi Droo kamwaga droo! Unatafuta nini, mama?"

"Ile ndoo ya jana. Iko wapi?"

"Si uliniambia nichome? Nimechoma."

"Yote?"

"Mke wangu, wewe ukisema yote, nani atabakiza?"

Aliketi sakafuni katikati ya karatasi. Alipomweleza, mzee aliacha mzaha.

"Mwambie ilikuja hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Picha ya zamani, nani anakumbuka kingo zake?"

Bi Droo hakumkemea. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuondoa hata karatasi moja kwenye faili la mtu, aliyewasuta wenzake kwa kuweka tarehe za uongo, alikaa akiupima uongo ule kama alivyopima karatasi. Ulitosha kabisa.

Wifi yake alibisha hodi saa nane, akakaribishwa sebuleni. Maji aliyoletewa hakuyagusa. Bi Droo aliweka ukurasa mezani: kaka yake akicheka ndani ya fremu ya dhahabu, lesi pande mbili, maua madogo kwenye pembe. Kazi ilikuwa safi. Mjane aliutazama uso wa mumewe, kisha kidole chake kikatambaa polepole kuelekea kulia, kikafika kwenye dhahabu, kikasimama.

"Yuko wapi?"

"Nani, wifi?"

"Usiniulize nani. Mwanangu yuko wapi?"

"Hii picha ilipokuja..." Bi Droo alianza. Mumewe alikuwa akitazama dirishani. "Ilipokuja ilikuwa nzima. Nimemkata mimi. Sikukuuliza."

"Basi nipe hicho kipande. Tutakiunganisha."

"Kimechomwa."

Mjane alianza kuibandua picha kwa kucha, pembe kwa pembe, taratibu, asiichane. Lesi ikang'oka, maua yakadondoka mezani.

"Nisamehe, wifi."

"Ulikosa nafasi ya nini humo ndani?" aliuliza mjane bila kuinua macho. "Vifungo vina makopo. Riboni zina vijiti. Mwanangu alikosa hata upana wa kidole?"

Aliitia picha kwenye mkoba, akaagana na shemeji yake tu, akatoka.

Huu ni mwaka wa tatu. Bi Droo amekwenda kuomba radhi mara nne, na mara zote ameongea na mlango uliofungwa. Kusema kweli kulimwokoa asiwe mwongo, lakini hakukurudisha kitu. Amempoteza wifi yake, na mtoto aliyeishi wiki saba hana picha.