Dada anaumwa kichwa, daktari anataka kumpima jicho: nilivyokataa

Asalaam aleikum wakuu.

Sina chumvi ya kuongeza hapa. Wa Wete wakisoma watanijua, na wanijue.

Dada yangu Zuwena, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, ana maji kichwani. Alishafanyiwa operesheni Dar, akawekewa mrija chini ya ngozi unaoteremsha yale maji hadi tumboni. Akarudi kwake Jadida, hapa hapa Wete, akauza vitambaa vyake miaka yote, hana neno.

Ikaja ile miezi ya baada ya uchaguzi. Wapemba mnaijua: duka la huyu hununui, harusi ya yule huendi, kisa chama.

Dada akaanza kuumwa kichwa, kila asubuhi anatapika. Nikampeleka hospitali.

Kumwona daktari wa zamu, nikachoka. Mtoto wa sheha wetu! Sheha yule yule, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, aliyeninyima barua ya ukaazi, nikashindwa kujiandikisha kupiga kura.

Akamsikiliza dada, akasema, "CT scan hapa hatuna. Nitampima macho kwa ultrasound, nijue presha ya kichwani ikoje."

Wakuu, ultrasound mie najua ya wajawazito. Kichwa kinauma, jicho linahusu nini? Nikajua hawa wa chama kile wanataka kumpofusha.

(Chekeni tu. Siku zile hata chai ya jirani ulikuwa unainusa kwanza.)

Nikamrudisha nyumbani.

Siku ya pili yake dada anamimina chai nje ya kikombe. Anaona vitu viwili viwili. Nikaanza, oh, tutafute daktari mwingine... Akanikata:

"Nyamaza, Saidi. Jicho n'langu, si la chama chenu."

Tukarudi kwa daktari yule yule.

Dada akafumba macho, akapakwa jeli juu ya kope, kidude kikapitishwa taratibu. Mie nimesimama naikodolea macho mikono ya daktari. Dakika chache, kwisha.

Akatuonyesha kwenye skrini: nyuma ya jicho kuna mshipa unaotoka kwenye ubongo, na ala yake, ule mfuko unaouzunguka, imetanuka. "Kipimo hiki peke yake hakitoshi, Bi Zuwena. Lakini kwa dalili hizi sisubiri. Mrija huenda umeziba. Nendeni Unguja leo."

Hata kwenye boti kutoka Mkoani bado najiuliza, huyu anatutoa kisiwani kwa lipi?

Unguja CT scan ikasema yale yale. Mrija umeziba. Wakambadilishia.

Kichwa kimepoa. Jicho la kushoto halikurudi sawa, mtu akimjia upande huo hamwoni. Daktari wa kule aliniuliza kwa nini tulichelewa.

Niliporudi nikamfuata yule mtoto wa sheha kumtaka radhi.

"Nilikujua tangu ulipoingia mlangoni," akasema. "Na ile barua naijua. Dada hajambo?"

Baba yake mpaka leo simwamkii, siwadanganyi. Lakini ugomvi ulikuwa wangu na sheha, aliyepata hasara ni Zuwena.

Mwenye mrija kichwani akianza kuumwa na kutapika, mpelekeni mara moja. Kipimo msichokielewa, ulizeni, msikimbie kama mimi.

Mliowahi kuuguza mtu wa namna hii, semeni yaliyowakuta. Na wa kunitukana nanyi njooni, nasoma zote.