Nepi Nilizokausha Siku ya Sabato

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema. Nimekula nalo na kulala nalo miaka tisa, na watu wa kwetu wote wanaamini ni kosa la mtu mwingine. Jina langu sitalitaja. Kwetu ni milimani, juu ya Birongo, na hiyo inatosha.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, na nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana. Mume wangu ni mwalimu. Alikuwa amenijengea nyumba ya mabati yenye vyumba viwili bomani kwa wazazi wake, na jikoni kando. Basi nikajiona mke wa mwalimu kweli kweli! Wenzangu walifunga watoto wao matambara, mimi nilikuwa na nepi nyeupe kumi na mbili. Kuzifua sikuona taabu. Kuzikausha ndiko kulikonishinda.

Aliyewahi kukaa Kisii mwezi wa nne anajua ninachosema. Asubuhi ni ukungu, saa sita jua la kukudanganya, saa nane mvua. Nepi zilikaa kambani siku tatu mpaka zikaanza kunuka uvundo. Nikazitundika jikoni juu ya moto wa kuni. Zilikauka, lakini zilitoka na rangi ya chai na harufu ya moshi, na mtoto akawa anakohoa. Nikajaribu pasi. Ilikula makaa kama mgeni mwenye njaa, na nepi bado zikabaki na ubichi kwenye pindo.

Rafiki yangu mmoja wa Keumbu, mke wa mwenye duka, ndiye aliyenionyesha njia yake. Unawasha jiko la makaa nje. Moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu, unaliingiza ndani, unalifunika kwa tenga kubwa la fito, kisha unatandaza nguo juu ya tenga. Hakuna moshi, hakuna harufu, na nguo zinatoka nyeupe. Nilipendezwa sana. Nikaenda sokoni siku hiyo hiyo nikachagua tenga.

Lakini yeye aliacha mlango wazi, na mimi nilimwona. Kufunga ni akili yangu mwenyewe. Niliona joto linatokea dirishani bure, nikaona ni upotevu. Nikafunga dirisha, nikaziba nyufa kwa magazeti ya mume wangu, nikaweka gunia chini ya mlango. Kweli, mkebe mmoja wa makaa ukafanya kazi ya mikebe mitatu. Nilijisifu jamani, hata nikawafundisha wake wawili wa jirani!

Kila nilipokausha, kichwa kiliniuma. Nikasema ni uzazi. Kisha kulikuwa na kuku aliyekuwa akiatamia ndani ya boksi pembeni mwa chumba. Siku moja nilipoondoa tenga nikamkuta amekufa juu ya mayai yake, hana jeraha, macho yamefumba. Nikasema ni ugonjwa wa kuku. Nikamtupa, na kesho yake nikawasha jiko tena.

Sasa nikueleze mambo mawili ya nyumbani kwetu, ndipo utaelewa nilichofanya.

La kwanza, mama mkwe wangu ni Msabato wa kweli. Jua la Ijumaa likitua, kwake hakuna kufua, hakuna kuwasha moto wa kazi, hata chakula kimeshapikwa. Ananipenda, lakini kwa jambo hilo hana mchezo.

La pili ni baba mkwe wangu. Tulimwita Tata, yaani baba. Yeye kanisani hakwenda, alibaki na ng'ombe wake. Sisi Wagusii tuna heshima inayoitwa chinsoni, na heshima hiyo inamkataza baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Chai yake nilimpelekea nje, nikaiweka, nikarudi. Chumba anacholala mke wa mwanawe ndicho hata kukitazama ni aibu. Tata alikuwa hajawahi kukanyaga kizingiti changu.

Ijumaa hiyo mvua ilinyesha kutwa. Sabato asubuhi sikubakiwa na hata nepi moja iliyokauka. Wote walikwenda kanisani, mimi nikabaki kwa sababu mtoto alikuwa bado mchanga. Walipopotea kwenye kona, nikawasha jiko kwa siri. Nikalipeleka chumbani, nikaziba kila mahali, safari hii si kwa kuokoa makaa tu, bali ili mpita njia asije akaona wekundu wa moto dirishani. Nikatandaza nepi zote kumi na mbili. Nikamfunga mtoto leso, nikamlaza karibu na mlango, nikajinyoosha kitandani na shimizi yangu tu, kwa sababu ya joto. Nilisikia usingizi mtamu ambao sijawahi kuusikia tena.

Yaliyofuata niliyajua kwa maneno ya Tata mwenyewe alipowaeleza watu. Alikuwa zizini akamsikia mtoto akilia, kisha akilia kama aliyechoka, kisha kimya. Akaniita. Akapiga ukuta kwa fimbo. Akaizunguka nyumba mara mbili akiita. Akasimama kizingitini, na alisema hapo alisimama kwa muda. Kisha akaingia.

Mimi nilizinduka nikiwa nje kwenye majani, mvua ikinipiga usoni, nikatapika. Nilimwona Tata akiteremka mlima mbio kuelekea kanisani, hana viatu, mtoto wangu amemfutika ndani ya koti lake. Mtoto alikuwa analia. Alikuwa mzima!

Hapo ndipo palikuwa pa kupiga magoti na kumshukuru Mungu. Mimi sikupiga. Nilichokiona akilini ni uso wa mama mkwe wangu akilikuta jiko la makaa chumbani siku ya Sabato. Nikatambaa hadi ndani. Nikafungua dirisha, nikaondoa magazeti, nikalishika jiko kwa gunia na kumwaga makaa kwenye migomba, na mvua ikayazima. Jiko nikalirudisha jikoni. Tenga nikalitupa nyuma ya choo. Nepi nikazisukuma chini ya kitanda, na nikaona ni kumi na moja. Nikadhani moja imeanguka njiani.

Nilirudi pale kwenye majani, nikakaa. Hata kujifunika leso sikukumbuka.

Watu walipofika walimkuta mke wa mwalimu ndani ya shimizi iliyolowa, anatetemeka. Walikuta chumba kina hewa safi. Tata alisema kulikuwa na jiko la moto mle ndani, na mimi na mtoto tulikuwa tunakufa. Wanawake wakaingia, wakatafuta. Jiko walilikuta jikoni, baridi. Hakuna aliyeona moshi, kwa sababu moshi haukuwapo. Si ndiyo sifa niliyolichagulia? Wakaanza kutazamana.

Mama mkwe aliniinamia. Aliniuliza kwa upole.

"Mwanangu, leo uliwasha moto?"

"Hapana, mama," nikasema.

Moyoni nilijiambia nimejibu swali la Sabato tu, basi. Lakini nilimwona mume wangu akigeuka kumtazama baba yake, na nikajua nimejibu swali lingine kabisa: Tata alifuata nini chumbani kwangu. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema. Nilinyamaza.

Tata alinitazama mara moja. Hakubisha. Hakulitaja jiko tena siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Wazee walikaa, mbuzi akachinjwa wa kusafisha aibu, lakini aibu haikutoka. Mama mkwe aliacha kumpikia Tata. Mume wangu aliacha kumsalimia, baba yake mzazi! Mwisho Tata alijijengea kibanda huko chini karibu na mto, akaishi peke yake na ng'ombe mmoja. Binti yangu alikatazwa kufika huko. Mtoto aliyebebwa kwenye mvua alikua akijua babu yake ni mtu wa kuogopwa, na mimi nilisikia akiambiwa hivyo, nikaendelea kuchambua mboga.

Chakula nilimpelekea mimi, kwa kujifanya mwema. Nilikiweka juu ya jiwe na kuondoka. Katika miaka yote hiyo alinisemesha mara moja tu, akiwa amesimama mbali, amenipa mgongo kama heshima inavyotaka.

"Siku hizi unafungua dirisha?"

"Ndiyo, Tata."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na nilipofika nikanawa uso.

Mwaka huu amefariki. Wachache walikuja kumzika. Tulipokuwa tukitoa vitu vyake, binti yangu alilikunjua koti la zamani, na mfukoni mwa ndani akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Ilikuwa nepi. Katikati ilikuwa na mistari ya kahawia, imeungua kidogo, mistari ya fito za tenga. Ndiyo ile ya kumi na mbili! Alikuwa amemfunga nayo mtoto. Angeitoa siku yoyote mbele ya wazee, na mimi ningefungiwa mizigo nirudi kwetu. Hakuitoa. Kwa nini, sijui, na wa kumuuliza hayupo tena.

Binti yangu aliniuliza hii ni ya nani. Nilimwambia ni kitambaa tu. Unaona? Hata hapo nilidanganya.

Kina mama mnaokausha nguo kwa makaa, sikieni. Uzuri wa makaa ni kwamba hayatoi moshi, na ubaya wake ni huo huo. Kinachoua mle ndani hakionekani, hakinuki, na kinakuja na usingizi. Acheni dirisha wazi hata joto likipotea, hata makaa yakiisha upesi, hata nepi zikibaki mbichi. Kichwa kikiwauma, tokeni nje. Kuku akifa bila jeraha, msiseme ni ugonjwa wa kuku. Na ukiulizwa kama uliwasha moto, sema uliwasha. Utafokewa siku moja tu.

Gazeti hili linafika kwetu. Kila Jumapili binti yangu humsomea bibi yake, anasoma kwa Kiswahili kisha anamwelezea kwa Kigusii. Najua wataufikia ukurasa huu, na nitakuwa nimekaa hapo hapo, sitatoka.

Mwanangu, ukifika hapa usiruke mstari. Ile nepi ilikuwa yako. Bibi akiinua uso na kuniuliza tena, safari hii nitajibu mimi mwenyewe: ndiyo, mama, niliwasha.