Neno Nililolisema Mbele ya Wazee

Natamani ningekataa ushauri wa baba mdogo asubuhi ile tuliyokwenda kuonana na wazee wa kanisa. Kaka yangu alikuwa amefariki, akaacha mjane na mtoto wa kike. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule kijijini Isansa, na nilitaka kumwoa mjane yule. Kanisa lilikataza kurithi wajane, ila kwa ruhusa ya wazee.

"Wakikuuliza, usiseme unampenda," baba mdogo alinionya njiani. "Watasema ulianza kumtazama tangu kaka yako angali hai. Sema ni huruma. Nani atakukatalia huruma, bwana mwalimu?" Akacheka peke yake.

Wazee waliuliza. Mjane mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, amempakata mtoto.

"Ni huruma tu," nikasema. "Hana mtu."

Mzee mmoja akamgeukia. "Umesikia, mama? Mshukuru Mungu."

"Nimesikia," akajibu.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Nilidhani neno lile limebaki kwa wazee, kumbe tulirudi nalo nyumbani. Nikimletea kanga, alishukuru kama mtu aliyepewa msaada. Alilima ulezi wake peke yake, asionekane anakula wangu. Chumvi ikiisha hakuniambia, aliomba kwa jirani. Watu husema neno huruma kwa yatima, kwa mgonjwa, hata kwa ng'ombe aliyevunjika mguu. Mimi nililisema kwa mwanamke niliyemtaka, naye yuko pale anasikia.

Siku moja tukichuma kahawa nilijikaza. "Mke wangu, sikukuoa kwa huruma. Nilikupenda, hata wakati ule."

Mikono yake haikusimama. "Mwalimu, sasa unanidanganya ili nifurahi? Hiyo nayo ni huruma." Akatabasamu kidogo. "Haya, jaza kikapu, mvua inakuja."

Nilimwambia tena mara nyingi, miaka mingi. Kila niliposema, niliona uso wake unanionea mimi huruma. Mwishowe nilichoka, nikanyamaza.

Aliugua na kufa kabla Mwingereza hajaondoka nchini. Nilikuwa nikimnywesha uji aliponishika mkono. "Umenitunza vizuri, shemeji," alisema. "Kaka yako angekushukuru."

Shemeji. Baada ya miaka yote ile.

Ningewaambia wazee ukweli, pengine wangenikatalia, pengine wangenitenga na kanisa. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliishi na mwanamke niliyempenda, na alikufa akiamini kwamba hakupendwa.