Vidole Nane vya Mama

Leo lori la kiwanda limepita likiacha harufu ya majani mabichi ya chai, nami nikamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu, mtu mfupi mwenye tai ndefu.

Asubuhi moja mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha kwamba dijiti ni vidole vya mkono. Saa nne huyu wa hesabu akauliza dijiti ni ngapi. Nilisimama nikasema, "Ni kumi, lakini mama yangu ana nane." Viwili vilikatwa na mashine ya kusaga chai.

Alicheka mpaka akashika meza. "Dijiti ni sifuri mpaka tisa, mjinga wewe! Kwenu mnahesabu na vilema?" Darasa zima likacheka naye. "Kesho uje na huyo mama yako."

Mama alikuja moja kwa moja kutoka shifti, bado amevaa aproni ya kiwanda. Aliweka mikono yake juu ya vitabu vya mwalimu.

"Mwalimu, nimeambiwa unapenda kuhesabu. Haya, hesabu."

Bingwa wetu alitazama dirishani, akasema ana mkutano. Mkutano wenyewe niliuona: alikuwa peke yake nyuma ya choo cha walimu, amechuchumaa, akingoja mama aende.